UZI: Kaa ana moyo, ana damu, na damu yake ina shaba. Njooni tumfungue

#1 MwalimuMikokoni

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, nitauweka kwa vipande. Mwenye swali aulize hata kabla sijamaliza.

Jumamosi nilikwenda mnadani kununua kaa, nikiwa na mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu. Muuzaji alikuwa anamfunga kaa magando, kaa akajipinda kwa nguvu, mguu mmoja wa nyuma ukabaki mkononi mwa muuzaji. Pale ulipokatikia pakatoka tone moja la maji, basi. Muuzaji akamgeukia kijana: "Umeona? Kaa hana damu. Ndiyo maana ukimkata hashtuki." Kijana akaniangalia mimi.

Nilimjibu palepale, lakini mnadani hakuna utulivu wa kueleza jambo kama hili, na lilinisumbua njia nzima. Darasani tunapita juu kwa juu. Tunaandika ubaoni "mzunguko wa damu ulio wazi", tunatoa mfano wa panzi, tunaenda mada nyingine. Mtoto wa pwani ambaye kaa anamjua tangu hajaanza kutembea anamaliza shule bila kuambiwa kwamba mnyama huyu ana moyo wa ajabu kweli kweli.

Kwa kifupi kabla ya kuingia ndani: kaa ana moyo mmoja, ana ateri zilizopangika vizuri, na kwa uzito wake ana damu nyingi kuliko wewe. Binadamu damu yake ni kama asilimia 7 au 8 ya uzito. Kwa kaa ni takriban robo hadi theluthi. Asichokuwa nacho ni vena kama zetu na ile rangi nyekundu. Rangi ndiyo imewadanganya watu miaka yote.

Ninaposema kaa humu nina maana ya kaa koko, huyu mkubwa wa mikokoni. Mengi yanawahusu pia kamba, kamba kochi na uduvi, maana wote ni jamii moja, gegereka. Pale wanapotofautiana nitasema.

#2 MwalimuMikokoni

Nilimnunua kaa yuleyule. Nyumbani nikamfukia kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa mpaka akawa hajibu hata nikimgusa jicho, ndipo nikamchoma kisu upande wa chini, katikati ya kifua, kwenye fundo lake kubwa la neva. Nawaomba nanyi mfanye hivyo, iwe kwa somo au kwa mchuzi. Kumtia kwenye maji ya moto akiwa mzima hakuna sababu.

Mgongoni mwa kaa koko kuna mchoro kama herufi H. Moyo uko nyuma kidogo ya mchoro huo. Nilikata gamba kwa mkasi kuzunguka sehemu hiyo, nikalinyanyua taratibu, kwa sababu chini ya gamba kuna ngozi laini, na ukivuta kwa pupa unatoka na moyo wenyewe. Ngozi ikiisha kubanduka unakuta chumba kimejaa majimaji. Ndani ya chumba, kama mto mdogo wa kulalia, kuna kitu cheupe chenye pembe, kimeshikiliwa pande zote kwa nyuzi. Ukubwa wake ulikuwa kama ukucha wa kidole gumba changu. Na kilikuwa bado kinapiga. Taratibu, kwa ajili ya baridi, lakini kinapiga: kinajikunja, kinatulia, kinajikunja tena. Kijana wangu alinyamaza kabisa.

Kile chumba ndicho cha kukitazama kwanza. Moyo wetu umeungwa kwenye mabomba, damu inaingia kwa vena na kutoka kwa ateri. Moyo wa kaa hauna bomba la kuingizia. Umekaa ndani ya dimbwi la damu. Kwenye kuta zake kuna vilango, jozi tatu, kila kimoja kina vikope vyake. Moyo ukilegea vilango vinafunguka, damu ya dimbwini inaingia. Ukijikunja vikope vinajifunga na damu inapata njia moja tu, ateri.

Sasa jiulizeni: moyo huo nani anautanua? Msuli kazi yake ni kujikunja, hauwezi kujitanua wenyewe. Jibu ni zile nyuzi. Moyo ukijikunja, nyuzi zinavutika kama mpira wa manati. Msuli ukiachia, nyuzi zinarudi na kuuvuta moyo kila upande, nao unafunguka na kunyonya damu. Kwa hiyo pigo moja linafanya kazi mbili, linasukuma damu nje na kukaza manati ya kujaza pigo linalofuata. Nimeusoma mpango huu mara nyingi vitabuni. Kuuona kwa macho, uzi mmoja mmoja ukikaza na kulegea, ni jambo jingine.

#3 DemaLangu

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mtu wa madema na kamba kochi, nimefungua vichwa vyao mamia kwa mamia na hicho kitu cheupe nimekiona sana, nikadhani ni sehemu ya mafuta. Swali langu: kama hakuna vena, damu ikishatoka moyoni inarudije? Si itatuama miguuni?

#4 MwalimuMikokoni

Marahaba kaka. Hapo umegusa kiini chenyewe.

Kutoka moyoni zinatoka ateri saba. Moja inakwenda mbele moja kwa moja, kwenye ubongo na macho. Mbili, kulia na kushoto, zinahudumia papasi, tumbo, na zile tezi za kuchuja taka zilizoko kwenye mizizi ya papasi. Mbili nyingine fupi zinaingia kwenye ile rojo ya njano ambayo walaji wanaiita mafuta ya kaa, ambayo kwake ni ini na kongosho kwa pamoja. Moja inakwenda nyuma, mkiani. Kwa kamba kochi wako hii ni kubwa, maana mkia ndio nyama yote. Ya saba ndiyo ninayoipenda. Inashuka chini wima, inatoboa katikati ya fundo la neva la kifuani kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano, halafu inagawanyika kuhudumia miguu na vifaa vya kutafunia. Lile fundo ndilo linaloendesha miguu yote, na mshipa unapita katikati yake.

Kila ateri inapoanzia pana kilango chake, na vilango hivi vinaendeshwa na neva na homoni. Maana yake kaa hasukumi damu kila mahali sawasawa. Akiwa anakula anaipeleka zaidi upande huu, akikimbia upande ule.

Ateri zinagawanyika mpaka zinakuwa nyembamba sana, halafu zinaishia. Damu inamwagika katikati ya nyama na kuziogesha seli zenyewe. Hapo ndipo jina "wazi" linapotoka. Lakini haituami kaka, kwa sababu nyuma yake kuna nyingine inasukumwa, na kaa mwenyewe kila anapotembea misuli yake inaikamua. Inateremka kwenye mabwawa yaliyoko chini ya kifua, penye mashina ya miguu, kutoka hapo inapanda kwenye matamvua, inachukua oksijeni, kisha inapita kwenye njia maalumu hadi kile chumba cha moyo. Vilango vinafunguka, inaingia. Mzunguko umekamilika.

Angalieni mpangilio huo na mlinganishe na samaki. Moyo wa samaki unapokea damu iliyochoka na kuipeleka kwenye matamvua. Wa kaa unapokea damu iliyotoka kwenye matamvua, imeshashiba oksijeni, na kuipeleka mwilini. Ni kinyume kabisa. Njia hii iliwekwa wazi na Wafaransa wawili, Audouin na Milne-Edwards, mwaka 1827.

Niongeze jambo kuhusu neno "wazi", kwa sababu linawafanya watu wadhani ndani ya kaa mna ndoo ya maji inayochezacheza. Mwaka 2002 watafiti McGaw na Reiber waliandika juu ya kaa wa bluu wa Marekani. Katika kazi za aina hii mishipa hujazwa utomvu unaogeuka mgumu, kisha nyama inayeyushwa ibaki sanamu ya mishipa peke yake. Kinachoonekana ni mtandao mnene wa matawi membamba, hasa kwenye ubongo, unaokaribia kapilari zetu, ile mishipa yetu midogo kabisa. Mimi darasani nimeacha kusema "wazi" bila maelezo.

#5 KidatoChaSita

Asante mwalimu, hii ni bora kuliko notisi zetu. Maswali mawili. Kwanza, ile damu uliiona ina rangi gani? Pili, nilisoma kwamba damu ya bluu ya kaa inauzwa bei kubwa sana hospitalini. Kwa nini basi wavuvi wetu hawaiuzi?

#6 MwalimuMikokoni

Swali zuri mwanangu, na la pili nafurahi umeliuliza maana linazunguka sana mitandaoni.

Rangi. Nilichukua matone kwenye kiungo cha mguu nikayaweka kwenye kisahani cheupe. Yalipotoka yalikuwa karibu hayana rangi, kama maji ya mchele. Yalipokaa kwenye hewa yakaanza kuchukua ubluu hafifu, ubluu wa nguo nyeupe iliyofuliwa kwa buluu. Ukiwa na haraka huuoni. Baadaye yakaganda kama uji mwepesi.

Sisi oksijeni yetu inabebwa na himoglobini, yenye chuma, na imefungiwa ndani ya chembe nyekundu. Kaa anatumia himosianini, yenye shaba. Atomu mbili za shaba zinashika molekuli moja ya oksijeni. Ikishika inakuwa bluu, ikiachia haina rangi. Tena haiko ndani ya chembe, imeyeyuka moja kwa moja kwenye majimaji ya damu. Chembe za damu ya kaa zipo, ila kazi yake ni ulinzi na kugandisha, si kubeba hewa. Kwa sababu damu hii imechanganyika na majimaji ya mwilini wataalamu wanaiita hemolimfu. Mimi humu naendelea kuiita damu.

Kuna jambo moja kuhusu himosianini ya kaa na kamba linalonivutia. Mnyama akikimbia sana misuli inatoa asidi ya laktiki. Asidi peke yake ingeidhoofisha himosianini isishike oksijeni vizuri. Lakini hiyo laktiki yenyewe inaisaidia himosianini ishike kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hasara inafidiwa wakati mnyama ana shida.

Swali la pili. Yule mwenye damu ya bei siye kaa. Kwa umbo anafanana na kofia ya chuma yenye mkia mrefu, anapatikana Asia na pwani ya mashariki ya Amerika, na kwa ukoo yuko karibu na buibui na nge kuliko kaa. Wazungu walimpa jina la kaa, "horseshoe crab", kwa kumtazama tu. Mwaka 1956 daktari Frederik Bang aliandika jinsi damu ya mnyama huyo inavyoganda ikikutana na bakteria wa aina fulani, na baadaye ikatengenezwa dawa ya kupimia usafi wa sindano na chanjo. Huku kwetu hayupo. Kwa hiyo mtu akija kijijini kwenu kuomba mtaji wa "biashara ya damu ya kaa", mkataeni.

#7 BintiKwale

Mwalimu, salamu kutoka Kwale. Sisi kikundi cha akina mama tuko na vizimba vya kunenepesha kaa kwa mikoko. Tunapata shida na kaa maji: kwa nje mkubwa, mzani unasoma vizuri, ukimpika hamna kitu ndani, ni maji tu. Mnunuzi anatubonyeza hapa chini ya kifua, akiona panabonyea anarudisha. Hayo maji ndiyo damu? Na lile povu la mdomoni wakikaa nchi kavu, ni ishara ya kufa?

#8 MwalimuMikokoni

Salamu zimefika dada, na hongereni kwa kazi.

Naam, maji hayo kwa sehemu kubwa ndiyo damu yake, na hayo ndiyo nilitaka tufike. Kaa hakui kama sisi. Gamba halinyumbuki, inabidi alivue. Kabla ya kulivua, nyama ya magando inapungua, kwa sababu gando zima lazima lipite kwenye kiungo chembamba pale linapoungana na mkono. Akishatoka anakunywa maji kwa wingi, damu yake inaongezeka ujazo, anajivimbisha mpaka gamba jipya lililo laini linatanuka. Siku hizo hana mifupa ya nje ya kumshikilia. Kinachomsimamisha na kumwezesha kutembea ni shinikizo la majimaji yaliyomo ndani yake. Damu inamfanyia kazi ya mifupa. Halafu gamba linakauka likiwa kubwa, na ndani pana nafasi iliyojaa damu ikisubiri kujazwa na nyama. Huyo ndiye kaa maji wenu. Si mgonjwa. Ametoka kubadilisha gamba, na mkimpa chakula cha kutosha wiki chache nyama inachukua nafasi ya maji.

Ziada yake: kaa mwenye njaa huipunguza himosianini yake mwenyewe, anaila kama akiba ya protini. Kwa hiyo damu ya kaa aliyedhoofu ni nyepesi kweli kweli. Wafanyabiashara wa kamba kochi kule Canada wanatumia jambo hili: wanachukua tone la damu, wanaliweka kwenye refraktomita, kile kifaa kidogo cha kutazama kwa jicho ambacho wengine wanapimia sukari ya matunda. Protini ikiwa nyingi, kamba ana nyama na atastahimili safari. Ikiwa ndogo, ni wa maji. Kikundi kikiwa na kifaa hicho kinaweza kujaribu na kuandika namba zake chenyewe, badala ya kubonyezwa na mnunuzi.

Povu. Kaa ana kasia dogo kila upande karibu na mdomo linalovuta maji yapite kwenye matamvua. Nchi kavu kasia linaendelea kupiga, yale maji machache yaliyobaki yanachanganyika na hewa, yanatoka povu. Si kifo, ila ni taarifa. Matamvua yakikauka yanagandamana, damu inapita bila kupata oksijeni. Gunia lenye maji ya bahari na kivuli vinatosha kuwafikisha mbali. Msiwatumbukize kwenye ndoo ya maji machache yaliyotuama, wanamaliza hewa yake upesi.

Mkimwinua kaa maji au mnono, mwinueni kwa utulivu. Kaa na kamba kochi wengi waliochunguzwa, ukiwashtua, hata kwa kivuli tu, moyo unasimama kidogo kisha unarudi. Na wengine wakiwa wametulia kabisa, salama, moyo na lile kasia vinapumzika pamoja kwa muda halafu vinaanza tena. Moyo wetu ungefanya hivyo tungezungumza mengine.

#9 MwalimuMikokoni

Nimerudi kwa kipande ambacho ndicho hasa kilinifanya nifungue uzi.

Moyo wa binadamu unajipigia wenyewe. Mdundo unaanzia kwenye misuli ya moyo. Ndiyo maana mgonjwa akipandikizwa moyo wa mtu mwingine, neva zikiwa zimekatwa, moyo unapiga. Moyo wa kaa mkubwa au kamba kochi haufanyi hivyo. Msuli wake unangoja amri ya neva kwa kila pigo, pigo moja moja, maisha yake yote. Amri isipokuja, haupigi.

Anayetoa amri ni kikundi cha seli tisa za neva. Tisa tu. Nne ni ndogo, ndizo zinazoanzisha mdundo. Tano ni kubwa, ndizo zinazoupokea na kuupeleka kwenye msuli wote. Mwanasayansi Alexandrowicz alizieleza mwaka 1932, na tangu hapo wachunguzi wa neva wamezirudia tena na tena kwa sababu ni mfumo mdogo unaoweza kuufuata seli kwa seli. Ukitaka kujua jinsi seli za neva zinavyokubaliana kutoa mdundo mmoja bila kiongozi kutoka nje, jambo ambalo linahusu hata kutembea na kupumua kwetu, unaanza na tisa hizi.

Juu yao kuna usimamizi wa namna mbili. Neva kutoka kifuani za kuharakisha na za kupunguza. Na homoni: kuna viungo vidogo vimetandazwa ndani ya kile chumba cha moyo, palepale damu inapopita kuingia vilangoni, vinamwaga homoni zinazofika moyoni pigo linalofuata. Mwaka 1987 ilitolewa kwa kaa wa Ulaya peptidi (kipande kifupi cha protini) moja ya aina hiyo, inayoongeza nguvu ya moyo, na baadaye ikakutwa hata kwa wadudu.

#10 DemaLangu

Mwalimu hapo nina pingamizi. Wewe mwenyewe umesema ulimchoma kwenye fundo la neva, ukafungua, na moyo ulikuwa unapiga. Na mimi nimeshawahi kuutoa kabisa nikauweka kiganjani, ukapiga mara kadhaa. Kama unangoja neva, nani alikuwa anautuma?

#11 MwalimuMikokoni

Pingamizi lako ni la haki kabisa na umelipata kwa mikono yako, si kitabuni.

Seli zile tisa hazikai ubongoni wala kifuani. Zimelala ndani ya moyo wenyewe, kwenye dari ya ndani ya ukuta wake, kama uzi mwembamba. Ulipoutoa moyo ulizitoa nazo. Maabara zinafanya hivyo makusudi: moyo unawekwa kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa, baridi, na unapiga kwa saa nyingi. Ukiubandua ule uzi tu, msuli unanyamaza.

Na si gegereka wote wako hivyo. Kuna mdudu wa miamba anayekimbia makundi kwa makundi kwenye mawe ya pwani na magati, mwenye mikia miwili nyuma, kwa kitaalamu Ligia. Kwa aina moja iliyochunguzwa Japani, akiwa mdogo moyo wake unajipigia wenyewe kama wetu. Akikua, seli za neva zinachukua uongozi. Moyo uleule, mnyama yuleyule.

#12 MamaUduvi

Mwalimu pole na kazi. Nauza kamba na uduvi. Nina maswali ya sokoni tu. Mguu ukikatika mbona hatokwi na damu yote hadi afe, kama damu imejaa mwili mzima? Na kamba kuwa weusi kichwani baada ya siku moja, wateja wanasema wamewekewa dawa mbaya. Ni kweli?

#13 MwalimuMikokoni

Asante mama, shikamoo.

Mguu wa kaa una mahali pake pa kukatikia, karibu na shina. Mara nyingi haukatwi, anauachia mwenyewe. Mahali hapo kuna kiwambo tayari, na mguu ukitoka, shinikizo la damu linakisukuma kiwambo kizibe tundu. Ndiyo maana mnadani tuliona tone moja. Kisha damu inaganda pale, na ndani kinaanza kichipukizi cha mguu mpya, kinakaa kimekunjwa mpaka atakapobadilisha gamba. Lakini ukimvunja katikati ya mfupa wa mguu, pasipo na kiwambo, atavuja kweli. Shinikizo lake ni dogo, halifiki hata robo ya letu, kwa hiyo damu hairuki, inatiririka kimya kimya na watu wanaona maji. Kaa wengi wanaokufa njiani kuja sokoni nafikiri wamekufa kwa hilo, wamevunjwa vibaya wakati wa kufungwa.

Weusi wa kamba. Kamba mzima akipata kidonda, kimeng'enya kwenye damu yake kinatengeneza rangi nyeusi inayoziba kidonda na kuwazunguka vijidudu. Kimeng'enya hicho nacho kina shaba, ni ndugu wa himosianini. Kamba akifa, kinaendelea kufanya kazi peke yake, na kichwani ndiko kilikojaa, ndiyo maana weusi unaanzia huko. Wenyewe si sumu na si dawa, ila unaonyesha muda na joto aliokaa. Barafu mapema, tangu chomboni, na kuondoa kichwa kama mteja anakubali. Ile dawa ya salfaiti wanayoweka viwandani kazi yake ni kuzuia weusi huo, kwa hiyo kamba mweusi ni yule asiyewekewa, au aliyewekewa kidogo.

#14 KidatoChaSita

Mwalimu, na wale wadogo kabisa? Dafnia tulimwona kwenye picha tu.

#15 MwalimuMikokoni

Wadogo wanafanya kila mtu lake. Vile vigamba vinavyoshika kwenye matumbo ya ngalawa na nguzo za gati na kuwachana watu miguu, ni gegereka pia, na hawana moyo kabisa. Damu inasukumwa na misuli ya mwili ikijikunja. Kopepodi wengi, wale chembechembe wanaoliwa na dagaa, nao hawana. Artemia, gegereka mdogo wa maji ya chumvi kali, ana moyo mrefu kama bomba, wenye vilango vingi mgongo mzima.

Dafnia nakushauri umtafute. Yuko kwenye mabwawa ya maji yasiyo na chumvi, anaruka kama kiroboto. Mwili wake ni kioo. Kwa darubini ya shule ya kukuza kidogo tu unaona moyo mgongoni, unapiga zaidi ya mara 200 kwa dakika, huwezi kuhesabu kwa mdomo, unadonoa kalamu kwenye karatasi kisha unahesabu nukta. Ukimweka kwenye maji baridi zaidi unapungua mbele ya macho yako. Na maji ya bwawa yakikosa oksijeni anatengeneza himoglobini na kuwa mwekundu. Mwaka 1884 mwanasayansi Metchnikoff aliona kupitia mwili wa dafnia jinsi seli za damu zinavyomvaa kijidudu na kummeza, na kazi yake hiyo ya kinga ilichangia kumpa Nobeli ya mwaka 1908.

Kama darubini hakuna, uduvi hai wanatosha. Chukua kioo cha maji ya bahari, uduvi mmoja, tochi ya simu nyuma ya kioo. Tazama mgongoni, pale kichwa kinapoishia.

#16 MamaUduvi

Mwalimu nimefanya hivyo alfajiri hii, mashua ilipoingia. Nilimwomba kijana wa chomboni aniachie wachache wazima kwenye kopo. Mwanzo sikuona kitu, nikadhani nakosea. Nikapeleka tochi chini ya kioo badala ya nyuma. Pale pale uliposema, kitu kinacheza, haraka kama kope za jicho. Nikagonga kioo kwa kucha. Kikasimama. Nikahesabu moja, mbili, kikaanza tena.

Nimewaita wanangu wote waone kabla sijamrudisha baharini.